Mtungi wa gesi una mwenyewe. Betri ya baiskeli je?

Hebu nikuulize swali kabla hujaendelea kusoma. Ukitoka nje ya keja yako usiku wa leo, ukapita mlango kwa mlango, utapata betri kubwa ngapi zinazochajiwa kwenye ghorofa yenu? Hujui, si ndiyo? Hata mimi sikujua. Nilianza kuhesabu baada ya usiku mmoja, saa saba hivi, jirani wa mlango wa tatu alipopiga milango yetu mateke akipaza sauti, "Tokeni! Tokeni nje!"

Jirani huyu ni wa rika letu. Anasambaza chakula kwa baiskeli ya umeme. Mchana kutwa yuko barabarani, usiku anapandisha betri hadi ghorofa ya nne, anaichomeka kwenye soketi iliyo kando ya mlango, analala. Soketi ni hiyo moja tu, bedsita zetu unazijua. Usiku huo aliamshwa na harufu tamu, kama ya rangi ya kucha, kisha akasikia mlio kama wa tairi linalotoa upepo. Kuangalia, betri imevimba kama mandazi. Akaifunga kwa blanketi, akashuka nayo ngazi bila viatu, akaitupa pale nje magari yanapoegeshwa. Dakika moja haikuisha kabla haijalipuka. Iliwaka, ikazima, ikawaka tena. Tulimwaga mchanga karai baada ya karai, nayo ikaendelea kurusha cheche kana kwamba tunaichokoza.

Usijaribu alichofanya. Kama ingelipuka akiwa kwenye ngazi, leo ningekuwa naandika tanzia. Aliungua mkono, lakini yuko hai, na sisi pia. Tulicheka hata, unajua vile sisi hucheka hatari ikishapita. Keateka akasema ajali haina kinga, tukarudi kulala.

Kilichonikosesha usingizi ni yaliyofuata. Baiskeli aliinunua mkono wa pili. Fundi mmoja alikuwa ameifungua ile betri na kubadilisha baadhi ya seli. Chaja ilitoka duka lingine kabisa. Jamaa alipoenda kulalamika, fundi alimwambia shida ni chaja. Mwenye chaja akasema shida ni seli. Aliyemuuzia baiskeli hakushika simu. Wiki mbili baadaye jirani yangu alinunua betri nyingine ya aina ile ile, kwa sababu mwisho wa mwezi ulikuwa unabisha hodi na bila betri hakuna kazi. Anaichaji pale pale, kando ya mlango.

Unaweza kumwita mjinga. Mimi siwezi. Alinunua kile soko lilichokuwa nacho kwa pesa alizokuwa nazo. Tatizo ni kwamba ile betri haikuwa na mwenyewe. Haikuwa na jina la aliyeiingiza nchini, wala la aliyeipima, wala la anayepaswa kujibu ikiharibika. Hoja yangu leo ni hiyo tu: serikali isikubali betri kubwa ya lithiamu iuzwe Kenya bila mtu wa kuijibia, tangu inaposhuka melini hadi inapokuwa taka.

Kwanza tuelewane kuhusu kile kilichowaka. Betri ya baiskeli au skuta ni seli nyingi ndogo zilizounganishwa na kufungwa kwenye kasha moja. Ndani ya kila seli kuna pande mbili zilizotenganishwa na utando mwembamba wa plastiki, pamoja na kimiminika kinachoshika moto. Utando huo ukiharibika, iwe ni kwa kugongwa, kwa maji, kwa joto au kwa kuchajiwa kupita kiasi, pande hizo mbili hukutana. Seli inapata joto, joto linazaa joto, kisha seli inatema gesi zinazowaka na kuchoma seli iliyo karibu, nayo inachoma inayofuata. Ndiyo maana moto wa aina hii unaweza kuzima ukawaka tena, hata baada ya saa kadhaa. Kizimamoto kidogo cha poda kinaweza kuangusha miale, lakini hakipoi seli zilizo ndani. Kinachopoza ni maji mengi, ambayo kwenye ghorofa ya nne ya ploti yetu huja Jumanne na Ijumaa.

Ukitaka kujua ukubwa wa kitu hiki, linganisha na simu yako. Betri ya simu ya kawaida ya siku hizi ina takriban wati-saa 19. Betri ya baiskeli ya volti 48 na ampea-saa 15 ina wati-saa 720, yaani simu karibu 38 zilizofungwa pamoja. Betri za pikipiki za umeme ni kubwa zaidi, nyingine zinafika kilowati-saa 2 au 3. Hiyo ni zaidi ya simu 100 kando ya kitanda chako.

Sasa ongeza chaja. Betri ya volti 48 yenye seli 13 kwa mfululizo hujaa ikifika volti 54.6. Chaja iliyotengenezwa kwa betri ya volti 60 inaweza kusukuma hadi volti 67.2. Plagi zake zinaweza kufanana kabisa. Kinachozuia maafa hapo ni bodi ndogo ya kielektroniki ndani ya kasha, ambayo kazi yake ni kukata umeme mambo yakizidi. Fundi mwenye haraka akiiruka bodi hiyo ili betri "ishike", mteja anaondoka akifurahi. Anachobeba nyumbani ni betri isiyo na breki.

Usinielewe vibaya. Mimi si adui wa umeme. Nimepumua moshi wa Jogoo Road vya kutosha. Mwendeshaji wa boda anayetumia umeme anaepuka bei ya petroli inayobadilika kila mwezi, na injini yake haihitaji oili. Serikali nayo imelisukuma jambo hili kwa nguvu. Mnamo 2023 EPRA ilileta bei maalum ya stima ya kuchajia vyombo vya umeme, iliyo nafuu zaidi saa ambazo matumizi ya stima ni machache. Mwaka huo huo Sheria ya Fedha iliwapa nafuu ya VAT wanaouza pikipiki za umeme, baiskeli za umeme na betri za lithiamu, na Septemba 1 Rais William Ruto alizindua pikipiki za umeme jijini Mombasa. Yote mazuri. Lakini tuliharakisha kuleta betri kuliko tulivyoharakisha kujiuliza zitalala wapi.

Na si betri zote zina shida sawa. Kuna kampuni ambazo hazimuuzii mwendeshaji betri. Anafika kituoni, anaacha iliyoisha, anachukua iliyojaa, anaendelea na safari. Betri ni ya kampuni. Inachajiwa mahali pamoja, inafuatiliwa kwa kompyuta, ikianza kuchoka inaondolewa. Hapo mwenyewe anajulikana. EPRA ilishatoa mwongozo kuhusu vituo vya kuchaji na kubadilisha betri mnamo 2023. Shida iko kwenye mkondo wa pili: baiskeli na skuta zinazonunuliwa mtandaoni au mkono wa pili, betri zilizoundwa kwa seli kuukuu, chaja za kuokoteza mjini. Hizo ndizo zinazopandishwa ngazi kila jioni, na mwongozo wa vituo hauzifikii chumbani.

Wenzetu walishapita njia hii na wakalipa ada. Jijini New York, mwaka 2023, betri za lithiamu zilihusishwa na visa 268 vya moto na vifo 18. Vingi vilihusu baiskeli na skuta za umeme. Wengi waliotegemea vyombo hivyo kazini walikuwa wasambazaji chakula, vijana wahamiaji wanaolipwa kwa safari, wananunua betri ya pili ya bei nafuu ili wasikae bure. Unawatambua? Septemba mwaka huo jiji likaanza kukataza kuuza au kukodisha baiskeli, skuta au betri ambayo haijathibitishwa na maabara inayotambuliwa. Likakataza pia kuunda betri kwa seli zilizotolewa kwenye betri zilizotumika. Mwaka 2024 vifo vilishuka hadi 6. Lakini angalia hapa: visa vya moto havikushuka, vilikuwa 277. Sheria inazuia betri mbovu mpya zisiingie, ila zile za zamani bado ziko chini ya vitanda. Ndiyo maana baadaye jiji hilo lilianzisha mpango wa wasambazaji kusalimisha baiskeli zisizo salama na kupewa zilizothibitishwa.

China nako, Februari 23, 2024, moto ulizuka katika jengo la makazi mjini Nanjing. Ulianzia sakafu ya chini, mahali baiskeli za umeme zilipokuwa zimeegeshwa. Watu 15 walikufa na 44 wakajeruhiwa. Novemba 1 mwaka huo, kiwango cha lazima cha usalama wa betri za lithiamu za baiskeli za umeme kikaanza kutumika nchini humo. Sasa jiulize: bidhaa ambayo haikubaliki tena kuuzwa inakotengenezwa, itatafuta soko wapi? Itatafuta nchi ambako hakuna anayeuliza.

London walichukua hatua nyingine. Skuta za umeme zilikatazwa kwenye treni za jiji tangu Desemba 2021, kisha baiskeli za umeme zisizokunjika zikafuata Machi 31, 2025. Naelewa, moto ndani ya treni ni balaa. Lakini marufuku ya aina hiyo inamwokoa abiria tu. Betri ile ile ikifika nyumbani, ni shida ya mwenye nyumba. Kwa hivyo ukisikia mwanasiasa wetu akisema tupige marufuku tu, jua anatafuta njia ya mkato. Ukipiga marufuku kwenye ploti, jirani yangu ataificha betri chini ya nguo, na hapo ndipo mahali pabaya zaidi.

Kwa bahati nzuri hatuhitaji kwenda New York kutafuta mfano. Angalia mtungi wa gesi ulio jikoni kwako. Una jina la kampuni. Kanuni za gesi za mwaka 2019 zinakataza kampuni moja kujaza mtungi wa nyingine bila makubaliano, na moja ya sababu ni hii hii ninayoililia: mtungi ukilipuka, ijulikane nani alikuwa na jukumu la kuukagua. Je, wapo wanaojaza vichochoroni? Wapo. Lakini wanajulikana kuwa wahalifu. Anayeuza betri iliyoshonwa kwa seli kuukuu leo anajulikana kuwa mfanyabiashara.

Na gesi hiyo hiyo inatufunza kwamba karatasi peke yake haitoshi. Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lililipuka eneo la Mradi, Embakasi. Watu walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Kesho yake EPRA ikasema maombi ya kujenga kituo pale yalikuwa yamekataliwa mwaka uliotangulia. Yaani ofisini jibu lilikuwa hapana, lakini mtaani kazi ilikuwa inaendelea. Kwa hivyo ninapodai sheria, nadai pia mtu wa kushuka mtaani kuikagua.

Nini kifanyike? Mambo manne, na mengi yana pa kuanzia tayari.

La kwanza, KEBS ipime betri na chaja kama jozi, si kila moja kivyake. Bidhaa nyingi zinazoagizwa tayari zinakaguliwa zinakotoka kabla ya kusafirishwa, na tayari tumezoea stika ya KEBS ambayo unaweza kuithibitisha kwa SMS. Betri iwe na stika hiyo, pamoja na jina la aliyeiingiza, mwaka wa kutengenezwa na volti za chaja yake, kwa maandishi yasiyofutika kwa mvua ya wiki moja.

La pili, aliyeiingiza aipokee ikichoka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 tayari inamtaka mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake hata inapogeuka taka. Tuitumie. Ukirudisha betri mbovu ukapewa punguzo kwa mpya, hutaiuza kwa fundi wa seli kuukuu. New York imetuonyesha kwamba bila hatua hii, zile za zamani zitaendelea kutuchoma miaka mingi baada ya sheria.

La tatu, tusimfukuze fundi. Tumfunze. NITA inawatahini mafundi wa fani nyingi na kuwapa vyeti. Iwe na mtihani wa ukarabati wa betri za lithiamu, na vyuo vya kiufundi vifundishe. Mwenye cheti aruhusiwe kufungua kasha, aweke jina lake kwenye kazi yake. Kuna watu watakaofurahi sheria ikija, hasa kampuni kubwa, kwa sababu zingependa kila ukarabati urudi kwao kwa bei yao. Hiyo nayo tuikatae. Kijana anayejua kazi yake asinyang'anywe bisibisi kwa kisingizio cha usalama.

La nne, mahali pa kuchajia. Chini ya Katiba, kuzima moto ni kazi ya kaunti. Kaunti basi isingoje moto. Iwatake malandilodi wa majengo yenye wapangaji wengi watenge sehemu ya kuchajia chini, yenye hewa, mbali na ngazi na lango, ikiwa na mita yake. Fikiria nyumba zetu: mlango mmoja, dirisha lenye grili. Betri ikiwaka kando ya mlango, utatokea wapi? Grili tuliyoweka kumzuia mwizi ndiyo itakayotuzuia sisi.

Najua utaniambia nini. "Bro, hizi zote zitapandisha bei." Ni kweli. Betri iliyopimwa itakuwa ghali kuliko ile ya jirani yangu. Sitakudanganya. Lakini nafuu ya kodi ni pesa ya umma, na haiulizi kama betri ni salama kulala nayo. Nafuu hiyo iende kwa betri iliyothibitishwa peke yake, ile isiyothibitishwa isipate hata senti. Na programu za kuagiza chakula, ambazo hukata sehemu ya kila oda, zichangie kumkopesha msambazaji betri salama, alipe pole pole. Anayekula faida ya safari asijifanye haoni kinachoisukuma safari.

Utaniambia pia kwamba petroli nayo huwaka, na majiko na mishumaa imechoma nyumba nyingi. Kweli kabisa. Betri nzuri, chaja yake, mahali pazuri, hiyo ni salama na wala sikutishi uiogope. Lakini petroli hutaiacha ikijijaza kando ya mlango huku umelala. Betri tunaiacha, kwa sababu inaonekana kama simu, na simu tumeizoea.

Wakati tunangoja wakubwa waamke, fanya haya usiku wa leo. Tumia chaja iliyokuja na betri, na ukiibadilisha, linganisha volti. Usichaji juu ya godoro wala chini ya nguo. Usiweke betri kati yako na mlango. Chaji ukiwa macho, ikijaa ichomoe. Ikianguka vibaya au ikizama kwenye maji ya mafuriko, ipeleke ikaguliwe kabla ya kuichaji tena. Ikivimba, ikinuka, ikitoa mlio au ikichemka, usiiguse tena. Amsha wenzako, toka, funga mlango nyuma yako, piga 999 au 112. Baiskeli itanunuliwa nyingine.

Kisha fanya jambo moja zaidi: mwulize landilodi wako betri zichajiwe wapi. Sisi tulimwuliza wetu. Jibu lake lilikuwa, "Na bili ya stima nani atalipa?" Swali halali, tunalijadili. Tumeshakubaliana angalau kwamba kibanda cha soja kina nafasi ya rafu na soketi tatu, na kila mwenye betri atachanga kila mwezi. Hatujafika, lakini tumeanza. Mwambie MCA wako pia, kwa sababu huu ndio msimu anaoshika simu.

Keateka wetu bado anasema ajali haina kinga. Kwa radi labda. Ile ya jirani ilikuwa na kinga sehemu nne: bandarini, dukani, kwa fundi na kwenye ploti. Kote huko alipita, na hakuna aliyemuuliza swali. Betri yake mpya nimeigeuza juu chini nikitafuta jina. Sikuona hata stika.